Kemshafti ya Hashim

Hashim wa Msambweni ni mtu wa maneno mengi, lakini ukimuuliza kazi yake atakujibu kwa maneno mawili tu: "Mimi napeleka." Hupeleka wageni wa hoteli za Diani kutazama ndovu wa Shimba. Hupeleka wale wanaotaka kuiona Vanga kabla ile barabara haijawavunja viuno. Na zaidi ya yote, hupeleka mabwana harusi. Kijana yeyote akioa, kuanzia Ukunda hadi Lunga Lunga, utasikia mtu anasema, "Mwiteni Hashim na lile dude lake."

Dude lenyewe ni pikipiki kubwa ya safari, silinda mbili, masanduku ubavuni, kiti cha nyuma kipana kama kochi. Aliipata kwa kampuni moja ya kukodisha magari ilipofunga biashara, na tangu siku hiyo hakuna mkono mwingine ulioshika usukani wake. Akienda kuswali huiegesha mahali ambapo akitoa salamu ataiona. Mkewe husema, wala hasemi kwa mzaha, kwamba pikipiki inalala penye bati zima na yeye analala penye bati linalovuja.

Sasa, Hashim ana dada mmoja, Nusaiba, na Nusaiba ana mtoto mmoja, Swabir. Baba yake Swabir alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Aliyemfundisha kijana kuogelea ni Hashim, aliyempeleka chuoni kusoma Kurani na kumchapa alipotoroka ni Hashim. Kwa Wadigo mjomba si mtu wa kuja kula sikukuu na kwenda zake. Basi siku moja baada ya Idi, Nusaiba akaja kwa kakake, akaketi kwenye mkeka, akakataa chai kwanza. Hashim akajua ni jambo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Swabir ameposa, na wameitikia. Baba yake hayupo, Mungu amrehemu. Wewe ndiye utakayemfikisha mlangoni kwa mkewe. Sina mwengine."

"Ala! Na nani mwengine angethubutu?" akasema Hashim, na machozi yakamlengalenga. Dada yake alipoondoka, akatoka nje, akachukua kitambaa, akaanza kuipangusa pikipiki. Hakuwaza kanzu, hakuwaza maneno ya kumwambia kijana. Aliwaza kwamba siku hiyo pikipiki iwe vile ambavyo haijawahi kuwa.

Na pikipiki, tuseme kweli, ilikuwa imechoka. Wiki ile ile alikuwa na mgeni nyuma, anakata mashamba ya miwa ya Ramisi, mara akapitwa. Si na gari, la. Na kundi la waendesha pikipiki waliotoka Nairobi, wamevaa ngozi kwenye jua lile. Wakampita mmoja mmoja kama aliyesimama. Akawakuta kituo cha mafuta. Mmoja wao, msichana aliyejitambulisha kwa jina la Beryl, akaizunguka pikipiki yake kwa adabu zote.

"Mzee, hii mashine ni noma, but imechoka," akasema. "Si uiwekee kemshafti ya mbio? Mimi niliweka yangu, ikawa moto. Utatupita sote."

Hakumtukana. Lakini neno lile "imechoka" lilimkaa Hashim kooni kama mwiba wa samaki changu. Yeye? Yeye apitwe na watoto, kwenye barabara aliyoijua kabla haijatiwa lami?

Kesho yake akafunga safari hadi Ukunda kwa fundi wake, Rai, Mduruma wa Kinango, mtu mrefu asiyependa kuharakishwa. Rai hana makuu. Ana kibanda cha mabati, vifaa vyake vimepangwa kwenye gunia, na redio isiyozimwa. Akamsikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na kemshafti kuukuu ya pikipiki nyingine, akamwekea kiganjani.

"Unaona hizi nundu? Chuma kikizunguka, nundu inasukuma vali, injini inavuta pumzi. Ziko aina mbili. Ya mbio nundu yake ni ndefu zaidi, vali inakaa wazi zaidi. Ukiwa mbio, injini inakunywa hewa mpaka inalewa. Ukiwa polepole, ile hewa inarudi nyuma, injini inakwama kooni, inakohoa."

"Na nyingine?"

"Ya nyingine nundu ni fupi. Hiyo inavuta tangu chini. Utapanda mlima wa Kwale na mtu nyuma na masanduku yamejaa, na hutabadilisha gia. Lakini ukienda mbio sana, inakuambia basi, nimefika." Rai akafuta mikono. "Zote mbili naweza kukuagizia, zaja na basi la Nairobi. Ya mbio itataka na springi za vali ngumu. Kila moja na kazi yake, bwana Hashim. Sasa niambie wewe, unaendesha wapi zaidi?"

"Barabara kuu."

"Kwa mwendo gani?"

"Sasa niende kwa kunyata, Rai? Mimi ni kobe?"

Hapo, jamani, ndipo ningetamani ningekuwapo nimvute sikio. Mtu mzima, amepeleka mabwana harusi miaka na miaka, nyuma ya wapiga matari wanaotembea kwa miguu, wanaosimama kila penye kundi la watu, wanaorudi hatua mbili nyuma wimbo ukikolea, na jua la alasiri likimchoma utosini! Hiyo ndiyo barabara yake. Hiyo ndiyo inayomlisha. Lakini mtu ukimuuliza anaishi wapi, yeye hukutajia sebule ya wageni, si chumba anacholala. Hashim alimtajia fundi ile barabara anayoipenda, akaisahau ile anayoifanyia kazi, na Rai akamjibu kwa alichoambiwa.

"Basi ya mbio," akasema Rai. "Ila usije ukaniuliza mbona inakohoa kwenye foleni ya feri."

"Feri yanihusu nini?"

Kemshafti ikaja, imefungwa kwenye karatasi ya mafuta, inang'aa. Rai akaifunga kwa siku mbili, na Hashim akakaa naye siku zote mbili, akimpokeza spana kama muuguzi. Walipoiwasha, sauti ikabadilika. Haikuwa ile ngurumo tulivu ya zamani; ilikuwa inaruka, pu-pu, kimya kidogo, pu-pu-pu. Rai akaongeza mafuta kidogo ili isizime.

"Ikisimama hivi hivi usikae nayo sana. Juani hasa. Injini hii inapozwa na upepo, na upepo ni wewe kutembea."

"Sikiliza inavyocheka!" akasema Hashim. Hakusikia neno jingine.

Akaitoa hadi Lunga Lunga. Wallahi, siku ile alikuwa na raha ya kijana. Baada ya Ramisi akafungua mafuta, na ile pikipiki ikaamka kama mtu aliyemwagiwa maji. Malori ya mpakani yakabaki nyuma, miwa ikawa ukuta wa kijani, na Hashim akapiga kelele peke yake ndani ya helmeti. Alipofika nyumbani mkewe akaisikia toka mbali, akatoka mlangoni.

"Mume wangu, ngoma ikivuma sana haikawii kupasuka."

"Wewe nawe," akasema Hashim, akaingia kuoga.

Siku ya harusi ikafika. Nikaha ikafungwa msikitini baada ya swala ya alasiri. Swabir akatoka na kanzu nyeupe, joho jeusi lenye nakshi na kilemba alichofungwa na mjombake mwenyewe, akapanda nyuma ya pikipiki iliyopambwa maua ya plastiki. Mbele wapiga matari, nyuma wanawake na vigelegele vyao, Nusaiba katikati yao na leso mpya. Nyumba ya bibi harusi haikuwa mbali. Mtu mwenye njaa angefika kabla ya kumaliza muwa. Lakini harusi haiendi kwa njaa, na wapiga matari wa Msambweni hawajawahi kumharakishia mtu.

Tangu hatua za mwanzo Hashim alijua. Akiachia klachi, pikipiki inaruka mbele, nusura imgonge mpiga tari mgongoni. Akiivuta, injini inakohoa inataka kuzima. Akiongeza mafuta isizime, inanguruma mpaka wimbo hausikiki. Wazee wakageuka wakamtazama. Wapiga matari wakasimama mbele ya duka, wakacheza wimbo mzima papo hapo, na Hashim papo hapo, juu ya injini inayochemka, mguu ukiungua ndani ya kanzu.

"Mjomba, kuna harufu," akasema Swabir sikioni mwake.

"Tulia, mwanangu. Ni mafuta mapya."

Uongo. Walipofika penye njia panda, katikati ya wimbo na mbele ya watu wote, pikipiki ikapiga pu moja kubwa ikanyamaza. Akabonyeza kitufe. Ikajikokota, ikanyamaza. Akabonyeza tena. Moshi mwembamba ukapanda kati ya miguu yake. Vigelegele vikakatika, kisha mtu mmoja nyuma akacheka, na kicheko kile kilimwingia Hashim mpaka kwenye mfupa.

Vijana wa bodaboda waliokuwa wakifuata msafara wakasogea. "Mzee, tumsaidie bwana harusi. Apande hapa, twende."

Hashim alikuwa anatweta, jasho limelowesha kanzu. Aliona aibu, na aibu ikatoka kama hasira. "Mpandisheni!" akasema, bila kumtazama Swabir. "Mpandisheni mumpeleke. Mimi nitabaki na pikipiki yangu, siwezi kuiacha njiani. Nendeni!"

Swabir akashuka. Akasimama na joho lake, hajui apande bodaboda au asipande, mtu mzima aliyekwisha kuoa, na uso wake ukawa ule ule wa mtoto aliyepotezwa sokoni. Nusaiba akapasua kundi la wanawake, akaja mpaka mbele ya kakake. Hakupaza sauti.

"Kaka," akasema, "mimi sikukuomba pikipiki."

Hashim akamtazama dada yake, aliyelea mtoto peke yake na hakuwahi kumlilia mtu. Akaitazama pikipiki. Kisha akashuka. Akaisimamisha kwa stendi yake pale pale njia panda, ufunguo ukining'inia, maua ya plastiki yamelala upande mmoja. Hakumwachia mtu ailinde, wala hakugeuka kuitazama. Akampangusa Swabir vumbi begani, akamshika mkono wa kulia.

"Twende, mwanangu. Kwa miguu."

Matari yakarudi. Hashim hakuwa ametembea katika msafara wa harusi tangu alipoinunua pikipiki. Ikawa anakanyaga kanzu yake, viatu vya kuendeshea vinambana, na mkono wa kijana uko ndani ya mkono wake. Wanawake wakaanza tena vigelegele, kwanza wawili watatu, kisha wote.

Kwa akina bibi harusi mlango ulikuwa umefungwa. Ni desturi yao: wanawake hukaa ndani, wakadai chao kwanza, na kabla ya kufungua huuliza kijana kaletwa na nani, na aliyemleta hujitaja. Ni mchezo, lakini hakuna anayeingia pasipo kujibu. Bahasha ikapitishwa chini ya mlango. Kisha sauti ya bibi mmoja ikauliza kutoka ndani:

"Huyo kaletwa na nani?"

Hashim akakohoa. Jibu alilijua, kalisikia milangoni pengi akiwa amekaa juu ya kiti chake na miwani ya jua usoni. Akavuta pumzi aseme, mjomba wake. Swabir akamtangulia.

"Nimeletwa na babangu."

Hakuna pale asiyejua kaburi la baba yake Swabir liliko. Nyuma yao Nusaiba alikuwa ameufunika mdomo kwa leso. Kisha komeo likavutwa, mlango ukafunguliwa, na ikabidi Hashim aambiwe mara mbili auachie ule mkono.