Yasmini ya Bibi na Mikono ya Jamaa

Watu wa kwetu hawawezi kuona kitu kimefunikwa wasikifunue. Nasema hivi kwa hasira, na hasira yenyewe haijaisha.

Mama mdogo ni fundi cherehani. Cherehani yake iko dirishani, inatazamana na geti, na kwenye nguzo ya geti ndipo bibi, mama yao yeye na mjomba, alipopanda yasmini. Bibi hatunaye tena. Mjomba aliponunua gari akaona geti jembamba, akatangaza yasmini itang'olewa. Mama mdogo hakubishana. Aliomba asubiriwe mpaka mvua ziishe, apate mche wa kuhamishia nyuma ya nyumba. Basi.

Matawi aliyowahi kuyakata na kuyachomeka yalimkaukia yote. Safari hii aliyainamisha bila kuyakata, akakwangua ganda kidogo upande wa chini, akayabana kwa waya, akayafukia na kuweka matofali juu. Tawi linaendelea kunyonya kwa mama yake huku likitoa mizizi yake lenyewe. Kazi ya binadamu hapo ni kuliacha tu.

Thubutu! Mke wa mjomba alikuja kusalimia, akainua tofali. "Nachungulia tu, wifi." Muuza maziwa naye akavuta tawi jingine. Binamu yangu, mtu mzima na ndevu zake, akang'oa kabisa kisha akafukia juu chini. Kila mmoja anauliza, "Imeota?" Itaota saa ngapi, nyie? Mvumilivu hula mbivu, lakini kwetu mbivu hubonyezwa mpaka zikaoza. Maskini mama mdogo akawa anashona huku macho yako getini.

Likabaki tawi moja tu lililofukiwa ambalo halijaguswa. Mvua zilipoisha mjomba akaja na panga, na kabla hata ya salamu akalishika tawi lile akalivuta. Likatoka na vijizizi vyeupe, vyembamba kama uzi, vingine vimekatikia udongoni.

"Kumbe ilikuwa imeshaota!" akasema, uso umejaa furaha.

Nilitaka kumrukia. Mama mdogo akaniwahi.

"Kaka, nipe hilo panga."

Akampa. Mama mdogo akalipeleka ndani, akarudi, akachagua tawi refu kuliko yote pale nguzoni, bila kulikata akalilaza katikati ya njia ya gari na kulifukia hapohapo. Kisha akaleta kiti chake akakaa kando yake.

"Sasa gari nilipitishe wapi?" mjomba akauliza.

"Mama alikubeba tumboni miezi tisa, kaka. Alikuchungulia?"

Gari likalala nje.