Mbeba Maji na Mlango wa Nne

Mjukuu wangu anahesabu siku. Kuna kitabu amekisoma mara tatu, cha majoka na falme za mawinguni, na sasa imetangazwa kwamba kinatengenezewa sinema, basi nyumba nzima hapa Nakuru haina raha. Anazunguka na simu mkononi akitafuta picha za wahusika, na akimwona mmoja analalamika kwamba huyu siye, nywele zake si hizo, wamemharibu. Mama yake anamwambia akae chini atulie. Mimi simwambii kitu. Nikimtazama anavyotikisa miguu chini ya meza, yangu nayo inaanza, maana niliwahi kungojea sinema ya kitabu karibu miezi mitano, nikiomba ije na nikiomba isije, na hakuna aliyejua ni kwa nini nilikuwa nakonda.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, miaka ya kafyu na vitambulisho vya shingoni tulivyoviita vipande, katika shamba la mzungu mmoja juu ya Kabazi. Kazi ya shamba ilikuwa pareto, maua ya kutengenezea dawa ya wadudu. Asubuhi ukisimama kwenye mistari ya maua uliona ukungu umelifunika bonde lote la Subukia, na juu yake sisi, wanawake na watoto, tumeinama na vikapu, tukichuma maua meupe yenye kitovu cha manjano kabla umande haujakauka vizuri. Pareto ina ukorofi wake. Ukisahau kunawa kisha ukala kiazi cha kuchoma, midomo inakufa ganzi na ulimi unakuwa kama si wako. Vumbi lake likikuingia puani utapiga chafya mpaka usahau ulilokuwa unalisema. Tulilizoea, au tulijidanganya kwamba tumelizoea.

Niliishi na nyanya yangu mzaa baba. Mama sikumjua. Baba alikuwa mwendesha mkokoteni wa maji: ng'ombe wanne na mapipa mawili, kutoka mtoni hadi nyumba kubwa ya mzungu, kisha hadi kambini kwetu. Asubuhi moja lilikuja lori la askari, wanaume wakapangwa mstari, na mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho akapitishwa mbele yao. Wengine aliwapita tu. Mbele ya baba aliinamisha kichwa mara moja, ishara kwamba huyu ni wa watu wa msituni. Baba akapandishwa lorini na mjeledi wake wa ng'ombe ukiwa bado mkononi, na tangu siku hiyo hatukupata barua wala salamu. Nyanya hakulia mbele yangu. Alianza tu kuzungumza na sufuria.

Shule yetu ilikuwa chumba kimoja ng'ambo ya mto, na darasa letu la nne lilikuwa na wanafunzi saba. Wenzangu sita walitoka mashamba ya upande ule. Kutoka kambi yetu nilikuwa mimi peke yangu. Kila Ijumaa alasiri mwalimu alifuta ubao, akafungua kitabu kikuukuu alichopewa na watu wa misheni, akatusomea sura moja. Ilikuwa hadithi ya nchi ambayo mto wake ulimezwa na mlima. Mtu mmoja, Mbeba Maji, alifunga safari na punda wake mwenye mabawa kwenda kuutoa, na ndani ya mlima kulikuwa na milango saba, kila mmoja na zimwi lake. Njiani aliwakusanya watoto waliokuwa wamepotea humo, akaenda nao.

Mimi nilikisikiliza kitabu mara mbili. Mara ya kwanza shuleni, mara ya pili jioni jikoni, nikimsimulia nyanya kwa lugha ya nyumbani huku akichambua maharagwe. Hakukubali hata siku moja nimsimulie mchana. Hadithi ya mchana, alisema, inapoteza ng'ombe, na ingawa hatukuwa na ng'ombe hata mmoja hakutaka kujaribu bahati. Na alikuwa msikilizaji msumbufu. Aliuliza punda analishwa nini. Alimtetea zimwi wa mlango wa pili, akisema huyo mama ana njaa tu, apewe chakula.

"Huyo Mbeba Maji ana mama?" aliniuliza siku moja.

"Kitabu hakisemi, cucu," nikasema, nikimwita nyanya kwa lugha yetu.

"Basi kitabu kimesahau. Mtu wa kazi kama hiyo ana mama anayemngojea."

Kesho yake jioni nilimsikia jikoni akiwasimulia wanawake wenzake, na alipomaliza akasema, bila hata kupunguza sauti, "Huyo akitoka kwenye mlima ule, na mwanangu atatoka." Wanawake wakaitikia kama kanisani.

Sasa unaona nilivyonaswa. Ijumaa ya sura ya mlango wa nne, mwalimu alisoma kwamba mlango ulikuwa jiwe linaloshuka kutoka juu. Mbeba Maji alilikinga kwa bega lake ili watoto wapite chini yake, mmoja mmoja, na punda nyuma yao. Wa mwisho alipopita, bega likashindwa. Jiwe likashuka. Kitabu kikaendelea na wale watoto bila yeye, na nilimchukia aliyekiandika. Nilirudi nyumbani nikivuta miguu. Nyanya alikuwa ameniwekea viazi kwenye majivu na kikombe cha maziwa yaliyokwisha kutolewa krimu, yale tuliyokuwa tukigawiwa shambani. Hakungoja niketi.

"Alipita?"

"Alipita," nikasema.

Ndivyo nilivyoingia kwenye uongo, kwa neno moja. Baada ya hapo ilinibidi nimtungie safari yake mwenyewe, kila Ijumaa, mlango wa tano na wa sita, nikichanganya ya kitabu na ya kichwani mwangu. Nilikuwa na miaka kumi. Nilijua kusema uongo wa sukari iliyolambwa, lakini huu ulikuwa unanikosesha usingizi.

Kisha mwalimu akatuambia kwamba kitabu chetu kimetengenezewa sinema huko Ulaya. Mashine ya sinema ilikuwa inakuja Nakuru, na mke wa mzungu wetu ameomba gari la sinema lipite shambani kwetu na wote waalikwe, wakubwa kwa wadogo. Wenzangu sita waliruka juu ya madawati. Walianza papo hapo kubishana kama mabawa ya punda ni ya manyoya au ya ngozi kama ya popo. Mimi nilibaki nimekaa. Nilitaka kumwona punda yule akiruka kuliko kitu chochote duniani, lakini pia nilijua kwamba siku hiyo nyanya ataketi mbele ya kitambaa cha sinema na kumwona mwanawe akiangukiwa na jiwe.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Nyanya alifua gauni lake la kitambaa cha buluu, akaliweka chini ya godoro linyooke, na lilikaa huko karibu miezi mitano. Mvua ilikuwa kubwa mwaka huo. Gari lilikwama mara ya kwanza kabla ya kufika Subukia, likarudi. Mara ya pili tulilisikia kabisa, injini ikilia huko mteremkoni, tukakimbia hadi njia panda, na lilikuwa lori la mbao. Kila likichelewa nilishukuru, na jioni yake nilitoka peke yangu kwenda njia panda kuangalia tena. Sikuweza kutulia mahali. Nilichuma mabua badala ya maua, nikagombezwa. Nyanya akawaambia watu kwamba mtoto ana hamu ya sinema.

Mwishowe nilimwendea mwalimu. Ndiye aliyepangiwa kutafsiri, kwa kuwa sinema ilikuwa ya Kiingereza. Nikamweleza kila kitu nikitazama viatu vyake, nikamwomba, tukifika mlango wa nne, aseme Mbeba Maji amepita.

"Mimi nasema kilichopo," akanijibu. "Nikianza kusema kisichokuwepo, siku nyingine mtaniamini vipi?"

Alikuwa mtu mkali na msafi. Nikaenda zangu.

Gari likaja wiki ya tatu ya kiangazi. Na hapo likatokea jambo ambalo nilidhani ni wokovu wangu. Kwa sababu ya kafyu, mzungu alikataa watu wa kambi wakusanyike jua likishatua, akaamuru sinema ioneshwe saa nane mchana ndani ya stoo ya kukaushia pareto. Nyanya aliposikia ni mchana alitoa gauni chini ya godoro, akalikunja, akalirudisha kwenye sanduku. Kwenye hadithi ya mchana haendi, hata kama imetoka Ulaya. Nilitamani kucheza ngoma. Halafu nyapara, msimamizi wetu wa kazi, aliyependa kila kitu kifanyike kupita kiasi, akaingia stoo kuhakikisha kuna giza.

"Lete gunia," aliwaambia vijana. "Gunia yote. Funga dirisha, funga tundu, hata panya hapana ona mchana."

Wakaziba. Nyanya alikuja mlangoni kuchungulia tu, akaingiza kichwa ndani ya lile giza. "Huku ni usiku," akasema, akarudi kuvaa gauni.

Magunia yale yalikuwa ya pareto. Hakuna aliyefikiri, sisi tulioishi na pareto tangu kuzaliwa. Stoo yenyewe ilikuwa na vumbi la misimu yote kwenye kila ubao, tanuri la ukutani halikuwa limepoa, na sasa tulikuwa tumeziba kila mahali pa hewa kwa magunia yaliyokung'utwa papo hapo. Kabla mwanga haujagusa kitambaa chafya ya kwanza ilisikika, na baada ya hapo hazikukoma. Watu zaidi ya mia, macho yanachuruzika, pua zinatoka, hakuna aliyekubali kutoka.

Punda alikuwa punda tu, amefungwa vitambaa begani, na vikipepea uliona kamba. Wanaume waliokuwa wakifuga punda walicheka mpaka wakakohoa. Sikujali. Nilipomwona akiacha ardhi moyo wangu ulipanda naye. Mwalimu alisimama kando ya kitambaa akitafsiri, leso puani, na mimi nikimnong'oneza nyanya kwa lugha yetu. Mkono wake ulikuwa umeshika goti langu. Mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila mmoja ulipita upesi kuliko nilivyotaka.

Jiwe lilipoanza kushuka mkono ule ulikaza. Watoto wakapita mmoja mmoja. Mbeba Maji alikuwa mwanamume mwembamba mwenye ndevu, hata hakufanana na baba, lakini bega lake lilikuwa linatetemeka kama la mtu yeyote aliyebebeshwa kupita nguvu zake. Likaanguka. Vumbi. Ndoo yake ikabiringika peke yake. Nikageuka kumtazama mwalimu, na mwalimu alikuwa ameinama, leso usoni kote, akikohoa au akipiga chafya, sijui. Hakutafsiri neno hata moja mpaka watoto walipofika mlango wa tano. Kama ilikuwa pareto au huruma, sikuwahi kumuuliza.

"Amepita kwa upande mwingine," nikamnong'oneza nyanya. "Kuna njia huko chini, hawakuionyesha."

Aliendelea kutazama kitambaa. Machozi yalikuwa yanamtiririka, lakini stoo nzima ilikuwa inalia, hata nyapara.

Jioni tulikula mahindi na maharagwe. Nilikuwa nasubiri anigombeze, na ningeshukuru. Alimaliza, akaweka sahani kando, akaniambia, "Macho yangu bado mazima, mtoto wangu. Nilimwona alivyoanguka. Sasa niambie alivyoamka."

Nikamwambia. Nilimwambia jioni hiyo na jioni nyingine nyingi, kwa zaidi ya miaka miwili, tukijua sote wawili kwamba hayo hayamo kitabuni. Milango saba ilifika thelathini. Niliongeza mito, nikaongeza zimwi aliyeuza tumbaku, nikampa Mbeba Maji mama anayemwota usiku. Mahali nilipokosea nyanya alinirekebisha. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo, wala tamu kama hiyo.

Waliochukuliwa walianza kurudi kidogo kidogo. Alasiri moja akaja mwanamume tusiyemjua, amekonda, akaketi mlangoni petu, akatoa mfukoni mkanda wa baba, ule wenye tundu la ziada alilolitoboa mwenyewe kwa msumari. Akasema walikuwa wakichimba mfereji wa maji pamoja, na ukingo ukaporomoka. Nyanya akampa uji. Akamwuliza kama baba alizikwa, akaambiwa ndiyo, na nani alimwombea, akatajiwa. Akamshukuru kwa kuja mbali.

Jioni hiyo, kwa kuwa sikujua la kufanya, nikaanza mlango wa thelathini na moja. Nyanya akaweka kiganja chake mdomoni mwangu, polepole.

"Mwache alale," akasema. "Amelibeba jiwe hilo vya kutosha."

Akalia basi, kwa mara ya kwanza mbele yangu, na hapakuwa na pareto jikoni.

Pareto yenyewe ilikwisha. Shamba lilikatwa viwanja vya mahindi na viazi, stoo ikabomolewa mbao zake zikajenga mabanda ya ng'ombe, na shule ilipata jengo la mawe mahali pengine. Nyanya alimfuata mwanawe kaburini baada ya uhuru. Nimetazama sinema nyingi tangu hapo, punda wa siku hizi hawana kamba, na nimezifurahia. Lakini sijapata tena mtu wa kukaa nami jikoni akiwa ameshaona mwisho kwa macho yake mwenyewe, kisha aniulize ilikuwaje baadaye.