Lala Dirisha Wazi

Wiki hii nilikuwa kwenye foleni ya dispensari, nyuma ya mchimbaji mmoja na mkewe. Mlango ulikuwa wazi, sote tulisikia.

Mganga mzungu alimpima mwanamume kifua, akasema hakuna haja ya dawa.

“Mwili inajisafishaka yenyewe. Kunywa mayi mingi, kula mboga, lala dirisha wazi. Vumbi itatoka.”

“Ndiyo, bwana,” mume akaitikia, huku akikohoa.

Mkewe alipitisha ncha ya kitambaa chake kwenye ukingo wa dirisha, akamwonyesha mganga. Ilikuwa nyeusi.

“Munganga, upepo ikitoka ku mashini, siye bamama tunaondoaka manguo yote ku kamba. Shati yake mi naingiza mu nyumba. Mapafu yake nitaingiza wapi?”

Mganga alitazama nje. Upepo ulikuwa unatoka huko huko kwenye mitambo ya mgodi. Akainuka, akafunga dirisha.

Zamu yangu ilipofika, nami niliambiwa ninywe maji mengi na nilale dirisha wazi. Alinieleza hayo tukiwa ndani ya joto, dirisha limefungwa.

Nami, ninayewauzia ninyi wasomaji maneno kila Jumamosi, nikajibu, “Ndiyo, bwana.”