Pua ya Bi Pampu

Bi Pampu alikuwa na miaka sitini na miwili, na kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa karabai: zile taa za mafuta zinazopigwa pampu mpaka zivume, zikatoa mwanga mweupe unaokuwezesha kusoma gazeti ukiwa umekaa hatua kumi mbali. Nimezikuta taa hizi kwenye mipaka na bandari nyingi, kila mahali zikiitwa jina tofauti, lakini sijaona mtu anayezijua kama yeye.

Duka lilikuwa la mpwa wake, mtoto wa kaka yake. Alikodisha mahema, majiko na taa kwa watu wanaokwenda kupiga kambi. Wengi wao walikuwa na taa za betri nyumbani, ila walipenda mvumo ule, na walipenda kuwasimulia wenzao kwamba taa yao imejazwa na Bi Pampu mwenyewe.

Ufundi wenyewe aliupata alipofiwa na mume. Kaka yake alimletea karabai ishirini zilizokufa, akazimwaga kwenye banda nyuma ya duka na kumwambia, "Ukizifufua, una kazi." Alifufua kumi na tisa. Ya ishirini aliifungua yote ikawa vipuri, na mpaka leo huizungumzia kama jamaa aliyefariki akiwa bado kijana.

Kwenye banda hilo kulikuwa na meza ndefu iliyofunikwa bati, kopo la sindano za kuzibulia, boksi la soksi (ndivyo wanavyoviita vile vifuko vya uzi vinavyong'aa taa ikiwaka), na madumu mawili ya njano yanayofanana kama mapacha. Moja lilikuwa la mafuta ya taa, kwa ajili ya karabai. La pili lilikuwa la petroli, kwa ajili ya jenereta. Hayakuandikwa kitu. Mpwa wake alishataka kuyapaka rangi, akagombezwa.

"Rangi ya nini? Mimi nina pua. Rangi inachubuka, pua haichubuki."

Na pua ilikuwepo kweli. Alifungua kifuniko, akainama, akanusa mara moja, basi. Kuna mwuza mafuta aliyerudishiwa madumu manne kwa sababu Bi Pampu alinusa dizeli iliyochanganywa humo, kidogo tu, na yule bwana akakiri palepale. Dereva wa duka, mdogo wa marehemu mumewe, kila akiingia bandani alikuwa akisimama mlangoni na kusema, "Shemeji, usininuse, nimepitia mahali."

"Nimekunusa ukiwa bado njiani," naye alimjibu.

Siku niliyokwenda kukodi karabai yangu, nilimkuta akiwa ameketi mezani, saa kumi alasiri. Taa yangu ilikuwa imetoka kusafishwa, kwa hiyo ilibidi aijaze na kuijaribu kwanza mbele yangu. Alichukua dumu la kushoto, akanusa, akaitikia kwa kichwa, akajaza tangi hadi robo tatu. Akawasha spiriti kwenye kikombe kidogo chini ya soksi, akasubiri taa ipate moto, akapiga pampu mara tano.

Taa haikuvuma. Ilikohoa. Kisha moto wa manjano ukatoka kila upande kwa pamoja, ukapanda ukalamba mabati ya dari. Niliona mikono ya Bi Pampu ikiwa bado imeishika taa katikati ya moto ule, kana kwamba haijaamini. Dereva alimvuta kwa kiuno, mpwa wake akaisukuma taa nje kwa mpini wa ufagio na kuitupia gunia lililoloweshwa maji, kisha mchanga, ndoo baada ya ndoo. Ilichukua muda kuzimika. Nyusi moja ya Bi Pampu ilikuwa haipo.

Dereva ndiye aliyerudi mezani, akainama juu ya dumu.

"Hii petroli," alisema.

"Haiwezekani," mpwa alisema. Akanusa. "Nani amehamisha madumu?"

"Mimi, saa tatu asubuhi, nilipokuwa nafagia. Inawezekana niliyarudisha kinyume. Lakini Shemeji si alinusa? Sote tumemwona akinusa! Mimi madumu haya siyaangalii, najua yeye atanusa."

Mpwa alimgeukia. "Shangazi, ulinusa?"

"Nilinusa."

"Ukasikia harufu gani?"

Bi Pampu alikuwa akiitazama mikono yake. Ilikuwa imebabuka kidogo juu ya vidole.

"Sijasikia harufu yoyote tangu yale mafua yangu," alisema. "Mafuta, sabuni, chakula kikiungua, vyote sawa na maji. Nilijua dumu la mafuta ya taa linakaa kushoto. Miaka yote linakaa kushoto."

"Mafua ya miezi mitatu iliyopita? Miezi mitatu unainama hapo unatuigizia?"

Bi Pampu alikuwa amenyanyuka ghafla, mkono mdomoni, na sura iliyomjia wakati huo ilikuwa mbaya kuliko ile ya kwenye moto.

"Mwalimu," alisema.

Mwalimu alikuwa mteja wa siku nyingi. Saa nne asubuhi alikuwa amepita na mkewe na binti zao pacha wa miaka mitano, akachukua karabai nne za kambi yao ya kilimani. Nne hizo zilijaribiwa jana yake, zikamwagwa mafuta kwa ajili ya kusafishwa, zikajazwa upya asubuhi. Kutoka dumu la kushoto. Simu haishiki kule kilimani. Jua lingezama saa kumi na mbili na robo, na mtu anayekwenda kambini na karabai huiwasha kabla giza halijaingia, ili ajivune nayo.

Ilikuwa saa kumi na nusu. Safari ni saa moja na nusu, barabara ikiwa na huruma.

Mpwa alipakia karabai mbili safi zisizo na kitu, na dumu la mafuta ya taa alilolinusa mara mbili, kisha akampa dereva anuse, kisha akanipa na mimi. Nami nikapanda nyuma, kando ya Bi Pampu. Hakuna aliyenialika wala aliyenikataza.

Dereva aliendesha kama mtu anayekimbizwa. Kwenye kona ya kwanza alijaribu utani. "Shemeji, kumbe miezi mitatu yote hii nilikuwa napita bure mlangoni..." Sentensi ikamfia mdomoni. Hakujaribu tena.

"Kwa nini hukusema, Shangazi?" mpwa aliuliza baadaye, kwa sauti ya chini.

"Ungenifanya nini? Ungeniwekea kiti nje ya duka niwe nasalimia wateja." Aliishika pua yake. "Kila asubuhi nilisema leo itarudi. Nikinusa, naiita. Na wewe, shemeji, endesha, acha kunitazama kwenye kioo!"

Tulipofika jua lilikuwa limeshagusa kilima. Hema lilikuwa limesimama, karabai tatu zimepangwa juu ya jiwe. Ya nne ilikuwa katikati ya magoti ya mwalimu, juu ya mkeka. Spiriti ilishamwagwa kwenye kikombe. Alikuwa ameshika kiberiti. Pacha walikuwa wamechuchumaa mbele yake, nyuso zao karibu kabisa na kioo, wakisubiri.

Dereva alipiga honi bila kuiachia. Bi Pampu alifungua mlango gari likiwa halijasimama.

"Usiwashe! Mwalimu, usiwashe!"

Mwalimu alinyanyua kichwa, akatabasamu. "Karibu, Bi Pampu! Kumbe umetufuata kutuwashia mwenyewe?"

Bi Pampu alimnyang'anya kiberiti. Hakumsalimia, hakuomba radhi kwanza, ila aliwavuta pacha kwa mikono akawapeleka hadi nyuma ya gari, kisha akarudi akasimama mbele ya baba yao. "Hiyo ni petroli," alisema. "Zote nne. Nimezijaza mimi."

Mwalimu aliitazama taa iliyokuwa bado katikati ya magoti yake. Aliiweka chini taratibu sana, kama mtu anayeweka yai.

"Nilikwambia," mkewe alisema kutoka mlangoni mwa hema. "Si nilikwambia?"

"Aliniambia," mwalimu alisema. "Njia nzima gari lilinuka petroli, tukafungua madirisha. Hata watoto walisema. Nikawaambia, Bi Pampu amenusa kwa pua yake, sisi ni nani?"

Hapo ndipo Bi Pampu aliketi chini, palepale kwenye majani, miguu ikiwa imenyooka mbele kama mtoto. Moto wa bandani haukuwa umemliza. Hili lilimliza. "Pua yangu imekufa, Mwalimu," alisema. "Miezi mitatu sasa. Sikumwambia mtu."

Hakuna aliyejua pa kutazama. Mpwa alizibeba zile nne, moja moja, akaenda kuzifungia kwenye buti la gari. Mke wa mwalimu alisimama kwa muda mrefu akimtazama yule mama aliyeketi chini. Nilidhani atamtukana. Alikuwa na haki.

"Watoto wanaogopa giza," hatimaye alisema. "Tutafanyaje?"

Mpwa alileta karabai moja safi na lile dumu, akaanza kufungua kifuniko. Bi Pampu alinyanyua mkono.

"Wewe hapana. Mpe yeye anuse."

Mke wa mwalimu aliinama juu ya dumu, akanusa.

"Mafuta ya taa."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Nusa tena, mwanangu."

Alinusa tena. Kisha akajaza yeye, akawasha spiriti yeye, akapiga pampu yeye, huku Bi Pampu akiwa ameketi hatua kumi kutoka hapo, ameshika nguo za pacha, mmoja kila mkono, akimwelekeza kwa sauti: subiri, bado, sasa, polepole, tano zinatosha. Taa ikavuma, ikawa nyeupe. Mtoto mmoja alitaka kukimbilia mwanga. Bi Pampu hakumwachia.