Cheti Kilichobaki Begini

Nilipohamishwa kutoka Riyadh kwenda tawi la Jeddah, afisa wa makaratasi wa kampuni alitaka nimwachie cheti changu halisi cha uhasibu ili anihamishie usajili wangu wa taaluma.

"Nakala haitoshi?" nikamuuliza.

"Mafi nakala," akajibu bila kunitazama, yaani hakuna cha nakala.

Mkenya mwenzangu mmoja aliwahi kumwachia chake, na hakukiona tena mpaka alipokubali kusaini mkataba mpya. Kwa hiyo nikadanganya kwamba nimekisahau nyumbani, mtaa wa Ruwais hapo Jeddah, kumbe kilikuwa ndani ya begi nililolipakata.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya usajili. Karani alikipiga picha, akanirudishia.

"Halas, imekwisha. Usajili ni wako, si wa kampuni."

Nilipomwambia yule afisa kwamba nimemaliza, hakunipongeza. Aliuliza tu ni nani aliyenituma.