Aline kwa ma écran yote

Bandugu, leo wivu inaniua, na munipe haki.

Tangu asubuyi video ya shefu ilikuwa inaonekana moja kwa moja hapa Goma, lakini biro yetu ya Rutshuru inaona giza tu. Miye fundi wa video, nilibadilisha kabeli. Nilizima routeur. Nikagombeza hata opérateur wa internet kwa simu, masikini.

Aline, mwenye tunatumika naye kazi moja, akaingia na chai yake:

"Papa Josué, Rutshuru haiombe video kwa biro ya Kibati kama zamani?"

Kibati!

Ile biro tuliikimbia juu ya vita, kisha lava ya volkano ikaifunika. Rutshuru ilikuwa inaomba video kwa mawe!

Aline akabadilisha adresi moja tu kwa mashine. Video ikafika.

Shefu akamusimamisha mbele ya kamera, amusifu. Sasa anaonekana anacheka kwa ma écran ya biro zote, safi, bila kukatika.

Na kamera, ni miye niko naishika.