Mwaka wa Kulisubiri Gari la Viti Viwili

Mume wangu alinionyesha picha ya kwanza ya lile gari nikiwa bado na sare ya kazi, nimetoka hospitalini miguu inawaka moto. Aliinua simu mbele ya uso wangu kama mtu anayeonyesha picha ya mjukuu. Niliona kitu kifupi, kimebandikwa makaratasi ya mistari myeusi na myeupe kama punda milia, kikipita kwenye barabara iliyolowa mvua.

"Hawataki tuone umbo lake," alisema. "Lakini tazama hapo nyuma. Wamelipanua. Hilo si gari la kwendea sokoni, hilo ni la mashindano."

Nilimwambia ni zuri. Nilikuwa nataka kuvua viatu.

Tulikuwa tunakaa New Hope, mji mdogo wa Amerika ya baridi, kwenye fleti ya ghorofa ya pili, sisi wawili na binti yetu aliyekuwa sekondari. Mimi ni muuguzi. Yeye aliendesha van ya kuwapeleka wagonjwa wa figo kusafishwa damu. Lakini kabla ya Amerika, kule Nakuru, alikuwa fundi wa magari ya rally, na walipompa nafasi aliyaendesha pia. Hiyo ndiyo kazi aliyoiita kazi. Huku alikuwa na gari moja dogo la viti viwili, la zamani, ambalo alilitunza kama mtu anavyomtunza ng'ombe wa maziwa. Majira ya joto alishindana nalo kwenye viwanja vya kuegeshea magari, akizunguka koni za plastiki. Baridi ikija na maji ya ziwa yakiganda, alilifunga matairi yenye misumari akashindana juu ya barafu. Nikiwaambia watu wa nyumbani kwamba mume wangu hukimbiza gari juu ya ziwa, walikuwa wanabadilisha habari, wanauliza mtoto hajambo.

Sasa kampuni iliyotengeneza gari lile ilikuwa imetangaza kwamba italisuka upya. Waliokuwa wakilisubiri walikuwa wengi, Wazungu wa kule ziwani na vijana wa chuo, lakini nyumbani kwangu walikuwa wawili: mume wangu na rafiki yake, Mkongo wa Uvira tuliyesali naye kanisa moja. Huyu alifanya kazi kwenye duka la matairi, na alikuwa amekodi gereji ndogo nyuma ya maghorofa ya Hopkins, mji wa jirani. Huko ndiko walikoshinda Jumamosi zote. Walibishana kama uzito utapungua, kama injini itakuwa na turbo ya kuiongezea nguvu, kama mkia mpana utasaidia kwenye kona au utawatupa nje. Hofu yao kubwa ilikuwa moja, kwamba kampuni ingeondoa gia ya mkono.

"Shemeji," Mkongo aliniambia siku moja, mikono imejaa grisi, "gari ya mbio bila vitesi ni nini? Ni frigo yenye magurudumu!"

Mume wangu alicheka mpaka akashika boneti. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu kilikuwa cha sauti kubwa.

Siku hiyohiyo, au Jumamosi iliyofuata, niliwapelekea chapati. Nilipofungua mlango wa gereji, harufu ya petroli ilinipiga usoni. Mkongo alikuwa tayari amepiga magoti, anatafuta mpira unaovuja. Mume wangu alikuwa ameinama juu ya injini, pua yake karibu inagusa.

"Mnafanyaje kazi kwenye petroli namna hii?" niliuliza.

"Petroli gani?" alisema.

Mkongo alimtazama, akaona anatania. Mimi sikuona utani. Nilijua magonjwa machache yanayoanza kwa kuiba pua, na mmoja kati ya hayo nilikuwa nauhudumia kila wiki. Nikajiambia ni mafua.

Baada ya hapo sikuweza kuacha kuangalia. Nilimwangalia akitembea kutoka kwenye maegesho ya kanisa: mkono wa kushoto ulikwenda mbele na nyuma, wa kulia ulining'inia tu, kama kanzu iliyoanikwa. Nilimwangalia wakati wa mahubiri. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kinasuguana na kidole cha shahada, polepole, kama anayevingirisha punje ya mahindi. Alipogundua naangalia, aliuweka mkono chini ya Biblia. Na binti yetu, ambaye humjibu baba yake kwa Kiingereza hata akisemeshwa Kiswahili, alimwambia mezani kwamba siku hizi ananong'ona, hasikiki. Baba mtu aliona ni utovu wa adabu, akamwambia ale.

Niliongea na mume wangu Jumapili moja mchana, nikiosha sukuma wiki.

"Baba, huo mkono umeanza lini?"

"Mkono gani?"

"Wa kulia."

"Ni baridi tu."

"Baridi? Tuko Agosti."

Nikafunga maji, nikakaa mbele yake, nikamwambia anahitaji daktari wa mishipa ya fahamu, na kwamba ningeweza kumpatia nafasi. Alisema ataenda gari likitoka. Limebaki kidogo, alisema, wameshapiga picha ndani, na gia ya mkono ipo. Alisema hivyo kana kwamba habari njema moja ingefuta ile nyingine.

"Na wale wagonjwa unaowabeba?" nilimuuliza.

Hapo alikasirika. "Usinifanye mgonjwa wako mimi."

"Basi nisikufanye. Lakini kesho utamwambia mkubwa wako akutoe nyuma ya usukani wa watu. Usipomwambia wewe, nitakwenda kuongea naye mimi."

Ilimchukua siku kadhaa. Lakini alikwenda. Aliwaambia mgongo unamsumbua, wakampa kiti ofisini, akawa mtu wa kuwapangia madereva wengine safari. Alirudi jioni ameshika chombo chake cha chakula hakijafunguliwa. Kwa daktari hakwenda. Gari lake la kushindania hakuliacha, na mimi, niseme ukweli, nilishapigana vita moja, ya pili ilinishinda nguvu. Kila Jumamosi nilimsikia akichukua funguo, na nilikaa na simu karibu mpaka arudi.

Januari, barafu ilipokuwa nene, niliamua kwenda naye ziwani. Kulikuwa na jua kali lisilo na joto. Watu walikuwa wamejaa, wameshika kahawa, na mazungumzo yote yalikuwa ya lile gari jipya: nani ameshaliagiza, kama litafaa juu ya barafu na injini yake ya nguvu vile, nani atalifunga misumari kwanza. Mume wangu alisimama katikati yao akieleza habari ya uzito na mhimili wa nyuma, na walimsogelea ili wamsikie. Walidhani ni upepo unaomeza sauti yake.

Kisha akaingia kwenye gari lake kwa mizunguko ya mazoezi, na Mkongo akakaa kando yake kumsomea hali ya barafu iliyo mbele. Mizunguko ya kwanza alikwenda vizuri, na nikasahau kidogo. Gari lilipiga kona kwa ubavu, theluji ikaruka nyuma kama unga, na nikaelewa kwa nini mtu mzima anaweza kulipenda jambo hili. Halafu wakaja kwenye kona ya mbali. Pale ambapo injini hubadilisha sauti anaposhusha gia, haikubadilisha. Gari lilikwenda moja kwa moja, likapanda ukingo wa theluji iliyoganda ngumu kama saruji, likalala upande.

Nilikimbia. Nilianguka, nikainuka. Mume wangu alikuwa ametoka mzima, anamvuta mwenzake. Mkongo alikuwa amejishika bega, uso umekuwa wa majivu.

"Barafu, shemeji," aliniambia kabla sijauliza kitu. "Ni barafu tu."

Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika. Hospitalini, tukisubiri picha, mume wangu alitoka nje kumpigia mke wa mwenzake. Nikabaki na Mkongo.

"Haikuwa barafu," nilisema.

Aliangalia mlango kwanza. "Mkono yake ilitafuta vitesi, haikuipata. Nikanyoosha mkono nishike mimi. Nikachelewa."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alisikia tangu wapi. Mkongo hakuficha tena. Alimwambia, kwa upole, kama anavyosema akiomba kanisani: "Ndugu yangu, mimi nilikimbia bunduki, nikavuka kambi, nikafika hapa mzima. Sitaki kufa juu ya maji ya watu kwa sababu wewe unaogopa docteur."

Mume wangu alikaa chini kwenye kiti cha plastiki. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka juu ya goti, na kwa mara ya kwanza hakuuficha.

Daktari wa mishipa ya fahamu, tulipokwenda mwishowe, alikuwa mama mmoja mtaratibu. Alimwambia agonganishe vidole, afungue na kufumba ngumi, atembee kwenye ukumbi kisha arudi. Nilijua jibu kabla hajakaa. Alilitaja jina la ugonjwa, ule wa kutetemeka, akaeleza kwamba hauponi lakini una dawa, kwamba wengi huishi nao miaka. Mume wangu aliuliza swali moja tu, kuhusu kuendesha. Daktari alisema kwenda kazini na kurudi wataangalia kadiri dawa zitakavyofanya, lakini mashindano, hapana.

Tulipokuwa njiani kurudi, mimi nikiendesha, alisema, "Nyumbani gia ni mkono wa kushoto."

Sikumwelewa. Akaeleza. Kule Kenya usukani uko kulia, kwa hiyo dereva hubadilisha gia kwa kushoto. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mzima. Huku Amerika ndiko walikomlazimisha kutumia wa kulia. Na kampuni, alisema, ingetoa pia lile gari jipya lenye usukani wa upande wetu.

Nilidhani ni uchungu wa siku moja, kumbe alikuwa amekwishajenga nyumba humo. Wiki nyingi alizungumza na ndugu yake wa Nakuru kuhusu kurudi. Aliniuliza binti akimaliza shule nitafanya nini. Alitafuta mtu wa Mombasa anayeingiza magari. Nyumba nzima ilijaa safari hiyo. Hata nilipokuwa kazini nilijikuta nahesabu vitu vya kuacha. Mwisho nilimshika mkono ule wa kushoto, mezani.

"Ugonjwa huu unaanza upande mmoja," nilimwambia. "Haukai hapo. Utavuka."

"Najua," alisema. "Nilimuuliza daktari ulipotoka kwenda chooni."

"Sasa kwa nini unapanga kurudi?"

"Kwa sababu kati ya sasa na kuvuka kuna muda."

Hakurudi Kenya. Hakusema ameacha kupanga. Zile simu za Nakuru zilipungua tu, zikawa za salamu.

Gari lilifika kiangazi. Lilikuwa pale Roseville, kwa muuzaji mmoja karibu na maduka makubwa, limeegeshwa ndani ya kioo, jekundu. Mkongo, bega limepona, alikuja kutuchukua. Mume wangu alikataa, akavaa viatu, akakataa tena, akaingia kwenye gari.

Kijana wa mauzo alitufungulia. Mume wangu alizunguka gari lote kwanza, akapiga magoti kutazama chini yake, akapitisha kiganja juu ya ule mkia mpana. Halafu akakaa kwenye kiti cha dereva. Alikanyaga klachi. Akaweka mkono wa kulia juu ya gia, na ile gia ikaanza kugonga, tiki tiki tiki, dhidi ya bamba la chuma lililoizunguka. Kijana wa watu alidhani anasikia baridi, akaenda kupunguza kiyoyozi.

Mume wangu akatoka. "Endesha wewe," alimwambia Mkongo.

Walitoka wawili, yeye upande wa abiria. Niliwasubiri nikitazama magari nisiyoyataka. Waliporudi, Mkongo alishuka anacheka, mikono juu, anasema, "Inakata kona kama kisu, inakata kama—" kisha akakumbuka, akawa anafuta kioo kisicho na vumbi kwa kiganja.

"Sema tu," mume wangu alimwambia. "Ni zuri. Ni zuri kuliko walivyotuambia."

Hatukulinunua, wala Mkongo hakulinunua. Alilinunua Mzungu mmoja wa pale ziwani, fundi wa meno, ambaye alijua gari lile linazidi uwezo wake wa kuendesha, na alimwomba Mkongo amwonyeshe linachoweza kufanya kwenye mashindano ya koni. Tukaenda, na binti yetu pia. Mume wangu alitembea njia yote ya koni pamoja na mwenzake kabla ya kuanza, polepole, akionyesha kwa kidole cha kushoto wapi pa kufunga breki. Halafu alisimama kando yangu kutazama. Gari lilikwenda vizuri. Watu walipiga makofi, wakapiga picha. Nilipogeuka kumwambia kitu, hakuwapo.

Nilimkuta kwenye gari letu la kawaida, amekaa kiti cha abiria, mkanda ameshaufunga.

"Twende," alisema.

"Hawajamaliza."

"Najua."

Binti yetu aliingia nyuma bila kuuliza. Tulikuwa tumeshaingia barabara kuu simu ya mume wangu ilipolia. Aliitazama ikalia mpaka ikakatika. Ikalia tena. Safari hii aliipokea, na nikamsikia akimwambia Mkongo kwamba kona ya tatu alifunga breki mapema mno, angeliacha gari lipumue kidogo.

"Ongea kwa nguvu, ndugu," sauti ya Mkongo ilisema. "Sikusikii."

Alivuta pumzi, akarudia.